Ufunguo Shingoni mwa Stata

Katika familia ile, ufunguo wa gari haukuwekwa mfukoni. Wakishafika porini na injini ikishazimwa, ufunguo alivishwa mbwa. Ndiyo, mbwa. Kisa chake ni kwamba zamani marehemu mume wa Mama Turubai aliuangusha kambini, mchangani, wakashinda siku mbili wamepiga magoti wanachekecha mchanga kwa chujio la chai, mume upande huu, mke upande ule, hawasemezani. Walipoupata, mume akala yamini mbele ya gari lake: kuanzia leo ufunguo atauvaa Breki, kwa sababu Breki ndiye peke yake miongoni mwetu ambaye akilala hainuki.

Breki alikuwa mbwa jike, mwekundu kama udongo wa tofali, mpana kama kiti cha nyuma. Gari lilipo ndipo naye alipo, chini ya bampa ya mbele, kidevu juu ya miguu. Mama Turubai kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari na maturubai ya malori, na jina alilipata hukohuko. Basi alimshonea Breki mkanda wa shingoni wa ngozi nene, na juu ya mkanda akatia kijimfuko cha zipu, cha kutosha ufunguo mmoja tu. Ufunguo wa pili ulibaki nyumbani kwenye msumari juu ya cherehani, maana marehemu alikuwa akisema funguo mbili zikisafiri pamoja zitapotea pamoja.

Mume alikufa, desturi ikabaki. Kwa miaka minne safari za porini ziliendeshwa na mdogo wake marehemu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Makanika, mwenye gereji inayopakana na kibanda cha Mama Turubai. Ukuta wao ni mmoja, wa mabati, na kutwa wanarushiana maneno juu yake. "Shemeji!" huyu. "Shemeji!" yule. Mgeni akiwasikia hudhani wanagombana.

Safari moja walikwenda wawili tu na mbwa wao. Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya kurudi nyumbani, Mama Turubai alimpapasa Breki shingoni akakuta kidonda. Kupe alikuwa amejichimbia chini ya mkanda, na ngozi ilikuwa imechubuka ikawa nyekundu. Akamvua ule mkanda, akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka marhamu. Sasa ufunguo? Makanika alikuwa juu ya paa la gari anafunga madumu ya maji. Jirani kabisa alikuwa amesimama Stata, mbwa wa pili, dume la mwaka mmoja na nusu, jembamba, masikio wima. Aliitwa Stata kwa sababu ukimgusa tu anawaka.

Mama Turubai akasema moyoni, desturi ni desturi. Akamvisha Stata ule mkanda, tundu la mwisho kabisa. Alidhani ni kwa nusu saa tu. Kisha akaanza kukunja mablanketi, akaosha sufuria, akachemsha chai ya mwisho, na jambo lile likamtoka kichwani kama vile halikuwahi kuingia. Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa lake.

Ilipofika saa nane kasoro robo mchana, Makanika alikuwa amemaliza kufunga mizigo. Akawa anashuka kwa ngazi ya nyuma, miguuni kavaa kandambili, mdomo haujanyamaza.

"Shemeji, mizigo hii! Tumekuja kulala siku mbili au tumehamia?"

"Na wewe mbona umebeba jeki mbili? Unategemea kuinua mlima?"

"Jeki ya pili ni ya kukuinua wewe kwenye kigoda."

Mguu wake wa kushoto ukagusa chini, kwenye kivuli cha tairi la nyuma. Kivulini hapo alikuwa amejilaza bafe, nyoka yule mnene mvivu, rangi ya majani makavu, asiyekimbia hata ukimkaribia. Makanika alitoa sauti ambayo Mama Turubai hakuwahi kuisikia kwake. Akavuta sepetu iliyokuwa imeegemezwa gari, akapiga kwa nguvu zake zote. Akamkosa nyoka, sepetu ikatua kwenye rimu ya gurudumu. Chuma kwa chuma! Bonde zima likaitika. Nyoka akajivuta polepole akaingia nyasini kama mtu asiyedaiwa, na Stata, ambaye hata mfuniko wa sufuria ukianguka hujificha, akasema mguu niponye.

Wakati ule hakuna aliyemfikiria Stata.

Mama Turubai alimkalisha shemeji yake, akamvua kandambili. Juu ya kifundo kulikuwa na vitundu viwili, na kimoja kilikuwa kinatoa damu nyembamba isiyoganda. Akavua kitambaa chake cha kichwa haraka ili amfunge.

"Usikaze!" Makanika akamshika mkono. "Usifunge kwa kukaza, usikate, usinyonye. Yule daktari wa mifugo anayetibu mbwa wetu alitwambia nini? Mguu utulie, basi. Utulie kama umevunjika."

Mama Turubai akachukua vijiti viwili vya hema, akaviweka pande zote mbili za mguu, akavizungushia kitambaa kwa ulegevu, kidole kikipita chini yake. Mikono yake ilijua kazi. Ilikuwa imezoea kufunga vitu. Lakini kichwani ilimrudia siku ile alipoitwa hospitali kwa ajili ya mumewe akakuta shuka limeshavutwa mpaka usoni. Akauangalia unywele mmoja wa mvi uliokuwa kwenye nyusi ya Makanika. Marehemu naye alikuwa na kama huo, nyusi ileile. Akasema ndani kwa ndani: huyu simrudishi nyumbani amelala.

"Sikiliza," Makanika akasema, jasho jembamba limemtoka. "Simu hapa haina hata kijistari. Zahanati ni kilomita arobaini na mbili, mwendo wa saa mbili tusipokwama. Nipakie twende."

"Nani ataendesha?"

"Kwani unamwona nani mwingine? Breki hana leseni."

Mama Turubai alikuwa anaendesha, lakini ni mjini tu, kupeleka viti vilivyokwisha kushonwa. Mchangani alikuwa hajawahi kushika usukani hata siku moja. Hata hivyo akaitikia. Akamvuta Makanika kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma, akamlaza juu ya mablanketi, mguu umenyooka. Akaenda mbele ya gari, akainama chini ya bampa, akaingiza mkono shingoni mwa Breki.

Vidole vikarudi na marhamu.

Akakaa pale amechuchumaa, anaviangalia vidole vyake.

"Shemeji?" Makanika akaita. "Unaswali?"

"Ufunguo anao Stata."

"Stata yupi?"

"Tunao Stata wangapi? Breki ana kidonda. Nikamvisha Stata, nikasahau."

"Ah, shemeji." Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. "Bora ungempa ndege."

"Si uunganishe waya? Wewe fundi!"

"Ndiyo maana haiwezekani. Kufuli la usukani nililifunga mimi mwenyewe, bolti zote nimezikata vichwa. Nikajisifu mbele ya wateja kwamba mwizi gari hili atalipenda kwa macho tu. Kulifungua kunataka nusu siku na fundi mwenye miguu miwili."

Stata hakuwa mbali. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu, hatua kama sitini hivi, ule mkanda shingoni, kijimfuko kinaning'inia. Mama Turubai akamwita. Stata akatikisa mkia. Akapiga hatua kumi, Stata akarudi nyuma kumi. Akakimbia, na Stata akafurahi! Akadhani ni mchezo. Akainama kwa mbele, matako juu, akamsubiri mpaka karibu, kisha akachomoka, akazunguka kichaka cha miiba, akatokea upande wa pili ulimi nje. Mama Turubai akarudi garini akachukua mkate. Akautupa. Stata akaja ubavuubavu, akaunyakua, akaenda kuulia mbali. Akatupa wa pili karibu zaidi, Stata akaunusa hewani tu, akaangalia ile sepetu, akakataa. Ukali ukampanda Mama Turubai, akamfokea kwa sauti yake yote, na mbwa akarudi nyuma mpaka akabaki masikio mawili tu juu ya nyasi.

Saa ya mkononi ikaonyesha saa nane na dakika ishirini. Akarudi kumtazama mgonjwa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka katikati ya muundi, ngozi imenyooka inang'aa kama reksini mpya ya viti. Makanika akageuza kichwa akatema mate nje ya gari. Yalikuwa na damu.

"Nimejing'ata ulimi," akasema.

"Hujajing'ata."

"Basi sijajing'ata."

Mama Turubai akasimama ameshika mlango. Alitaka kukimbia tena, miguu yote ilikuwa inataka kukimbia. Lakini alikuwa mtu wa kazi ya mikono, na watu wa namna hiyo jambo likiwashinda hurudi kuliangalia lilivyoshonwa. Huyu mbwa, akajiuliza, ni nani aliyewahi kumkamata? Hakuna. Daktari wa mifugo alikimbizana naye ua mzima mpaka akapoteza kiatu. Makanika mwenyewe humwosha kwa kuviziana. Mbona basi kila siku ya Mungu Stata analala chini ya kigoda changu?

Ni kwa sababu aliletwa akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, akalazwa kwenye kikapu cha vipande vya turubai chini ya meza ya kushonea. Tangu hapo, shazia, ile sindano kubwa ya maturubai, ikiingia tu kwenye kitambaa, yeye huyo, anajipenyeza kati ya miguu ya Mama Turubai, na hatoki mpaka uzi ukatwe kwa meno. Hakuna anayemwita. Anayemwita humkosa.

Akavuta hema. Lilikuwa limechanika pembeni siku ya kwanza, mwiba umelipasua kiasi cha shubiri mbili. Akatoa kigoda, akatoa shazia, uzi wa katani na kipande cha nta. Akakiweka kigoda mbele ya gari, karibu na Breki, akaketi akakipa kichuguu mgongo.

"Shemeji," sauti ya Makanika ikatoka ndani. "Unafanya nini?"

"Nashona."

"Mimi nakufa, wewe unashona?"

"Hufi. Nyamaza. Ukisema atakimbia."

Akapitisha uzi kwenye nta mara tatu, kama anavyofanya kila asubuhi. Akaingiza shazia. Uzi ukapita kwenye turubai, fyuuu. Moja. Akakaza. Mbili. Alitaka kushona haraka haraka ili mradi sauti itoke, lakini mkono ukakataa. Mkono wa haraka haukuwa wake, na yule mbwa aliujua mkono wake. Basi akashona kweli, mshono ulionyooka, nafasi ya kidole kimoja kati ya tundu na tundu, kana kwamba mwenye hema atakuja kulichukua jioni.

Tano. Sita. Nyuma hakusikia kitu. Kugeuka hakuthubutu. Nzi akatua mkononi, akamwacha. Makanika akaguna ndani ya gari, mguno wa mtu anayeuma blanketi, na sindano ikasimama kidogo. Saba.

Mshono wa kumi ndipo alipomwona Breki. Mbwa mzee alikuwa amefungua jicho moja, na lile jicho halikumtazama yeye. Lilipita pembeni ya goti lake, likaangalia nyuma yake, mbali. Mama Turubai akaelewa. Hana macho kisogoni, lakini anayo ya Breki. Akawa anashona anamsoma mbwa. Kumi na moja: jicho limesogea kushoto. Kumi na mbili: sikio limeinuka. Kumi na tatu, kumi na nne: jicho limerudi nyuma, limetulia, sikio limelala. Ameondoka! Jasho likamwingia machoni. Akapaka uzi nta upya, polepole, maana nta nayo ina sauti yake, mkwaruzo mdogo ambao Stata aliusikia tangu angali mtoto asiyefumbua macho.

Kumi na sita. Sikio la Breki likasimama. Kumi na saba. Mkia wa Breki ukapiga mchanga mara moja.

Kumi na tisa, pua ya maji ikamgusa kifundo cha mguu.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kila kitu mwilini mwake kilisema kamata. Hakukamata. Akashona wa ishirini. Kitu chembamba chenye joto kikajipenyeza kati ya miguu yake, kikazunguka mara mbili kutafuta mahali. Akashona wa ishirini na moja. Kidevu kikatua juu ya kiatu chake, na pumzi ndefu ikatoka. Ndipo mkono wa kushoto ukateremka, taratibu, kama unatafuta mkasi ulioanguka, ukapita shingoni, vidole vinne vikaingia chini ya ngozi ya mkanda vikafumba.

Stata hakustuka hata kidogo. Akaramba kiganja.

Saa nane na dakika arobaini na tatu injini iliwaka. Hema lilibaki chini pale pale na sindano ndani yake, kisha Mama Turubai akaruka chini akalinyakua, akalitupa ndani, kwa kuwa sindano haiachwi nyuma. Mbwa wote wawili wakaingia wenyewe.

"Matairi yana upepo kidogo, nilipunguza asubuhi," Makanika akasema, sasa anaongea kwa vipande. "Usiyajaze. Mchanga unataka hivyohivyo. Gia ya nguvu. Mkono mdogo ule, vuta nyuma. Ukiingia mtoni, gia ya pili. Usibadilishe. Usikanyage breki."

Breki akainua kichwa.

"Sio wewe," Mama Turubai akamwambia.

Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, upana wa mita mia tatu, na wakati wa kuja walikwama humo mara mbili na Makanika ndiye aliyeshika usukani. Alipouona mbele yake, mweupe, hauna alama, mikono ikalowa. Gari likashuka. Mara usukani ukawa mzito, kisha mwepesi mno, kichwa cha gari kikaanza kutangatanga, na muungurumo wa injini ukashuka. Kila kitu kilimwambia kanyaga mafuta mpaka mwisho.

"Usi... usikimbie," sauti ikatoka nyuma. "Ukikimbia gari litajichimbia."

Akakumbuka ngozi ya kiti cha lori, tabaka nne, inavyopita chini ya cherehani. Ukiongeza mwendo sindano inavunjika. Ukisimama katikati, inanasa. Mguu lazima uwe mmoja tu, wa kusukuma, hata kama cherehani inalia. Akauweka mguu wake hivyo. Gari likalia. Likazama kidogo, likajivuta, likazama, likajivuta. Stata alikuwa ameshajipenyeza chini ya kiti chake, anatetemeka, manyoya yanamgusa visigino. Ukingo wa pili ukaja polepole kupita kiasi, na magurudumu ya mbele yakauma udongo mgumu.

Alipumua. Hakupongezwa.

"Shemeji?"

Kwenye kioo akamwona anafumba macho.

"Shemeji! Nitajie vyombo vya injini. Kimoja kimoja. Anza."

"Nini?"

"Sijui kitu mimi, nifundishe. Anza na pistoni."

"Pistoni," Makanika akasema. "Ringi. Konrodi. Kreni... krenki." Wakapita miiba, wakapita mawe yaliyogonga tumbo la gari, naye anataja. Valvu. Kabureta. Alipofika kilomita ya thelathini akaanza kuyarudia yaleyale. Alipofika thelathini na sita akataja sepetu, kisha kaka yake, kisha chujio la chai.

"Chujio la chai liko wapi kwenye injini?" akamwuliza kwa ukali, machozi yanamtoka, macho hayaondoki njiani.

"Liko... liko palepale," akajibu, na hakusema tena.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya rangi ya bluu hadi usawa wa kiuno, nyeupe juu yake. Aliingiza gari mpaka kibarazani, akakandamiza honi. Muuguzi akatoka na mganga, na mwanamke aliyekuwa anapiga deki akatupa ufagio akashika miguu. Wakampitisha kwenye korido yenye benchi moja na harufu ya dawa ya kufulia. Mlango ukafungwa. "Aliumwa saa ngapi?" mganga aliuliza kupitia mlango. "Saa nane kasoro robo," akajibu. Ukutani saa ilikuwa inakaribia kumi na moja.

Akakaa kwenye benchi. Nje, kupitia wavu wa mlango, aliwaona mbwa wake kivulini chini ya bampa. Hakuhesabu muda. Mtu aliyeshona turubai la lori peke yake kwa siku nne anajua kukaa.

Muuguzi alipotoka alikuwa amevua glavu. "Dawa ya sumu tulikuwa nayo, ameshapata. Damu imeanza kuganda. Gari la hospitali kubwa liko njiani, mguu watauangalia huko, lakini mganga anasema mngechelewa saa nyingine moja tungeongea mengine. Yuko macho. Anauliza kama mishono imenyooka. Mishono ipi? Hatujamshona."

Mama Turubai akacheka, kicheko kikatoka kama kikohozi. "Mwambie ishirini na mmoja, na akitaka kuikosoa ainuke aje aione."

"Tia sahihi hapa, mama."

Akanyoosha mkono wa kulia akauona umefumba. Haukutaka kufunguka. Ikabidi aufungue kwa mkono wa pili, kidole baada ya kidole, na ndani yake ulikuwepo ufunguo, meno yake yameacha alama kiganjani.

"Si uuweke mfukoni tu," muuguzi akasema.

"Kwetu hauwekwi mfukoni."

Akatia sahihi. Kisha akatafuta kwenye gauni lake, akapata kipande cha uzi wa katani chenye nta. Akakipitisha kwenye tundu la ufunguo, akafunga fundo mara mbili, akauvaa mwenyewe shingoni, ndani ya gauni, chuma kikamgusa kifua kwa baridi. Ncha ya uzi iliyobaki akaikata kwa meno.

Kule nje Stata akainuka, akajikung'uta, akaja kusimama kwenye wavu.